Maneno Aliyoyaruka Mama Germaine

Mama Germaine alikuwa mtu wa kijiko. Kila Alhamisi, katika chumba cha parokia pale Kasungami, alitupanga mstari sisi mama wazima kama watoto wa chanjo, akatutia mdomoni mafuta ya samaki, na ole wake atakayekunja uso. Kwenye karatasi za serikali, tangu majina ya Kizungu yapigwe marufuku, aliitwa raia Mujinga, jina la kwao Kasai. Sisi tuliendelea na Germaine, na ukimwita vinginevyo hakugeuka.

Mafuta yale aliyapika mwenyewe. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na chupa za zahanati zikapotea pamoja nayo. Basi aliagiza vichwa na matumbo ya kambale kutoka Kasenga, akavichemsha mpaka mafuta yakaelea. Aliyemletea ni jirani yangu Kapya, ambaye kaka yake alikuwa mvuvi wa Luapula. Walitaniana bila kuchoka. Kapya alisema bila Wabemba, Wakasai wangekufa hawajaonja samaki. Germaine akajibu kwamba bila Wakasai, Wabemba wasingejua hata kuandika jina la huyo samaki.

Mwaka 1979 akaja daktari kutoka mjini kutufundisha chakula. Alisema Kifaransa tu, kwa hiyo Germaine, aliyesoma kwa masista, akawa mkalimani. Dereva wa daktari alikuwa Désiré, mume wa binti wa kwanza wa Germaine. Kwao mama mkwe hali chakula mbele ya mkwe wake, hasimami naye njiani, na kutaja mwili wa mwanamke mbele yake ni sawa na kujivua nguo. Désiré alijua adabu, angebaki garini, lakini mvua ilinyesha na gari halikuwa na turubai. Akasimama mlangoni, ametupa mgongo.

Daktari alisema tule samaki, tule mboga za lengalenga, tutupe karanga zenye ukungu. Germaine akatafsiri vizuri. Daktari akasema kwamba samaki wa mafuta huenda wakasaidia kuukinga mwili na kansa, ila wataalamu bado hawana hakika. Hapo Germaine akatuambia mafuta ya samaki yanafukuza kansa. Kisha daktari akaweka mkono kifuani, akasema maneno marefu, taratibu, akitutazama mmoja mmoja. Germaine aliangalia mlango, akakohoa, akasema daktari anatutakia afya njema.

Mimi niliona maneno marefu yameingia, mafupi yametoka. Nikanyamaza. Nilijiambia Kifaransa si changu, na mpaka leo najichukia kwa kunyamaza kule.

Baada ya Pasaka Kapya alinishika mkono kisimani, akauweka juu ya titi lake la kushoto. Kulikuwa na kitu kigumu, kama punje ya karanga. Nikamwambia aende hospitali. Akanicheka, akasema yeye ndiye mwenye samaki, kansa itampata vipi? Alhamisi hiyo aliomba vijiko viwili, hakusema sababu. Germaine alifurahi sana. Alimsifu mbele yetu wote kwamba huyu ndiye mwanafunzi.

Aliomba vijiko viwili kwa miezi minane. Karanga ikawa yai, ngozi ikavutwa ndani, mkono ukaanza kuvimba. Siri haifichi ugonjwa. Nilipomkuta hawezi kuinua mchi, nilipandwa na hasira, nikamkokota mpaka kwa Germaine, nikamfungua blauzi mwenyewe. Germaine aligusa mara moja tu. Akakaa chini sakafuni.

Kesho yake tulikuwa watatu hospitalini mjini. Daktari wa pale, mwingine kabisa, alisema ugonjwa umeshapita kwapani na kuendelea, kisu hakitaufikia. Germaine alitafsiri kila neno, hata yale ambayo ningeomba ayaruke.

Tulitoka tukaketi kwenye benchi la korido. Kapya alikuwa mtulivu kuliko sisi.

"Siku ile docteur alitia mukono ku kifua," alisema. "Alisemaka nini?"

Germaine akamgeukia. "Alisemaka, mwanamuke akisikia kitu ya nguvu mu mabele, mu titi yake, akuye hospitali mbiyo. Mafuta haiwezi kuitoa."

"Na weye haukutuambia."

"Désiré alikuwa ku mulango, ndugu yangu."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka. Lakini Kapya alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo la haki. Naye alikuwa na mkwe, na kwa Wabemba adabu ni ile ile. Naye, angekuwa amesimama pale mbele siku ile, angekohoa. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba alimwelewa.

Akaupanga mkono wake uliovimba juu ya mapaja, akauliza swali ambalo mimi, kwa hasira zangu zote, sikuwa nimelifikiria.

"Na bale bengine, umeisha kubaambia?"

Germaine hakuwa amemwambia hata mmoja. Tulikuwa wanawake arobaini katika chumba kile. Mimi nilikuwa mmoja wao, na hapo hapo kwenye benchi, mbele ya wagonjwa na wanaume waliokuwa wakipita, nikatia mkono ndani ya blauzi yangu.