Mbeba Magunia Aliyefundishwa Kuchuchumaa

Biashara ya mahindi ilipofunguliwa, na kila mwenye lori akaruhusiwa kununua na kuuza anapotaka, Mikumi ilichangamka ghafla. Malori yalishuka kutoka Iringa, mengine yakaja na mpunga wa Kilosa, yote yakapanga foleni kando ya barabara kuu. Penye lori pana magunia, na penye magunia anatakiwa mtu wa kuyabeba. Mtu aliyetajwa wa kwanza, miaka ile, alikuwa Ngolo.

Hakuwa mwenyeji. Baba yake, mzee Luhaga, alihama na ng'ombe wake kutoka Shinyanga akapata makazi Masanze. Ngolo alipooa aliona hawezi kufuata mikia ya ng'ombe maisha yake yote, akaja Mikumi na mkewe Paulina kutafuta riziki. Alikuwa na mgongo mpana na shingo iliyoanzia masikioni. Gunia la lumbesa, lile linalojazwa mpaka likashonewa kofia juu, makuli wenzake walilipokea kwa kuguna. Yeye alilipandisha begani huku akiendelea na hadithi aliyokuwa akiisimulia. Madereva walikuwa wakifika tu, kabla hata ya kuagiza chai, wanauliza, "Ngolo yupo?"

Kwa hiyo wafanyabiashara wa Kilosa walipoandaa mashindano ya watu wenye nguvu siku ya Sabasaba, na zawadi ikatangazwa kuwa baiskeli mpya, watu wa Mikumi waliona kama baiskeli imeshafika nyumbani. Walijaa kwenye lori, wakaenda wakiimba njia nzima.

Mashindano yalikuwa manne: kukimbia na gunia la mahindi kuzunguka pipa na kurudi, kupindua tairi la lori kuvuka uwanja, kuvuta pikapu kwa kamba, na mwisho kutembea na madumu mawili yaliyojazwa mchanga mpaka mtu ashindwe.

Gunia Ngolo alilinyanyua kabla ya wote. Lakini kulinyanyua ni jambo moja na kukimbia nalo ni jingine. Alikwenda kama mtu anayekanyaga miiba, na alipofika kwenye pipa ilibidi asimame, ageuke kidogo kidogo kama lori linalotafuta nafasi ya kugeuzia. Makarius, mkata miwa wa Ruhembe, mwembamba mwenye mikono mirefu, alimpita hapo hapo. Kwenye tairi Ngolo hakuweza kushuka chini, akainama kwa mgongo, na kiuno kikamchoma kama kisu. Pikapu aliivuta kwa hasira mpaka pumzi zikamwishia. Alipofika kwenye madumu alikuwa hana kitu tena. Katikati ya uwanja aliyaweka chini, kisha akakaa juu ya dumu moja, jasho likimtiririka, mbele ya watu wote.

Watu wa Kilosa walicheka. Watu wa Mikumi walinyamaza, na hicho ndicho kilichomuuma zaidi.

Kesho yake asubuhi hakuweza kunyanyuka kitandani. Paulina alimwingizia mikono kwapani, akamwinua kama anavyoinuliwa mgonjwa. Ngolo hakuwa amefika hata miaka arobaini, na alikuwa anawajua makuli wazee wa pale barabarani, wanaume waliokuwa mashujaa zamani na ambao sasa wanatembea wakiangalia vidole vyao vya miguu. Siku ile, kwa mara ya kwanza, alijiona yumo miongoni mwao.

Paulina hakungoja. Ngolo alipoanza kujikongoja uani, yeye alikwenda kwa Costancia.

Costancia, ambaye wengi walimwita Mama Domina kwa jina la binti yake, alikuwa mama ntilie. Aliuza uji, chapati na wali kwa madereva. Lakini kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa mpira wa pete wa timu ya mashamba ya miwa, na alipostaafu kucheza akawafundisha wasichana kwa miaka mingi. Upunguzaji wa wafanyakazi ulipokuja, kazi ikaondoka na timu ikafa. Sasa alikuwa amevuka hamsini, na bado alichuchumaa mbele ya moto wake asubuhi mpaka mchana bila kutafuta kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakaa sasa. Mama, nimekuja na swali, usinicheke."

"Nikucheke kwa nini?"

"Kule Kilosa watu walikuwa wanacheka, na wengine wamenuna. Wewe ulikuwa unatikisa kichwa. Uliona nini?"

Costancia aliweka upawa chini. "Niliona mtu mwenye nguvu za watu watatu, ila viungo vimekaza. Mume wako ni kama mlango uliovimba kwa mvua. Kila akiongeza nguvu, anaharibu fremu."

"Mlango huo unafunguka?"

"Unafunguka. Lakini aje mwenyewe, kwa miguu yake."

Ngolo aligoma. "Mimi nikafundishwe nguvu na mama ntilie? Mchezaji wa mpira wa pete?"

"Anayekuinua kitandani ni mimi, baba Kishiwa," Paulina alimjibu. "Na mimi nikichoka utamwita nani?"

Ngolo alivaa kandambili zake. Akaenda.

Somo la kwanza lilikuwa neno moja. "Chuchumaa," alisema Costancia. Ngolo akachuchumaa, visigino vikiwa hewani, akapepesuka na kuanguka chali kwenye kuni. Costancia hakucheka. Alimwonyesha nguzo ya kibanda. "Shika hapa. Visigino chini, kifua juu. Shuka polepole mpaka pale panapokataa, kaa hapo, vuta pumzi. Kesho patakataa chini zaidi."

Kwa wiki nyingi hakumbebesha kitu. Kila siku baada ya kazi ilikuwa kushuka na kupanda kwa kushika nguzo, kuzungusha nyonga, kusukuma goti mbele mpaka kifundo cha mguu kilegee. Kisha alimchorea mistari vumbini kwa jembe, akamtaka aipite kwa hatua fupi za haraka, mbele, pembeni, na nyuma, kama wasichana wake wa zamani. Makuli walitoka ghalani kuja kutazama. "Jamani, Ngolo siku hizi anacheza rede kama wasichana!" walipiga kelele, na mmoja akamletea kamba ya kuruka. Ngolo aliipokea. Costancia alimwambia aitumie, na kweli akaitumia.

Kilichomtesa zaidi ni kilima cha nyuma ya soko. "Panda mbio, shuka ukitembea," aliagizwa. "Ukiweza kuniambia umekula nini jana bila kuhema, panda tena." Siku za mwanzo alipanda mara moja tu, akashika mti, akatapika. Alirudi nyumbani akimlaumu Paulina. Paulina alimpa maji ya kuoga na hakubishana naye.

Jioni moja, yeye na Costancia wakiwa wamefika katikati ya kilima, tembo alitokea kwenye vichaka, dume peke yake, masikio yamesimama. Huwa wanatoka mbugani, si jambo la ajabu pale, lakini Ngolo hakuwahi kumkuta kwa karibu hivyo. Hakukumbuka alivyogeuka. Alipojitambua alikuwa amefika sokoni, na Costancia yuko kando yake, khanga mkononi, wote wazima. Tembo wala hakuwafuata.

"Umeona ulivyogeuka?" Costancia alisema, akicheka mpaka machozi. "Hukusimama kama lori. Miguu ilitangulia, mwili ukafuata. Basi hivyo hivyo ndivyo nataka kwenye pipa."

Baada ya hapo ndipo alipomruhusu gunia, tena nusu. Ngolo alilalamika kwamba hilo ni gunia la mtoto. "Lumbesa utaikuta kazini," alijibiwa. "Hapa tunatafuta wepesi. Hatua fupi, mguu usiende mbali na mwili. Ukikaribia pipa anza kugeuka mapema, zunguka ukiwa unatembea."

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Siku moja walimaliza kushusha lori la mahindi, wenzake wakajilaza juu ya magunia, naye akajikuta amesimama, anaangalia barabarani kama kuna lori jingine. Kiuno kiliacha kumwamsha usiku. Na jioni nyingine, Kishiwa, binti yao mdogo, alijikwaa uani. Ngolo akashuka mpaka chini, akamwokota, akasimama naye bila kushika ukuta. Paulina aliona. Aligeukia jikoni akajifanya anachochea moto.

Sabasaba ilipofika walikwenda tena Kilosa, safari hii lori halikujaa. Costancia alisimama karibu na mstari, na msimamizi mmoja akamfuata. "Mama, wapishi wako kule nyuma."

Ngolo alimsikia. Alikuja akasimama kati yao, akasema kwa upole, "Samahani, kaka. Huyu ndiye mwalimu wangu. Akikaa kwa wapishi, na mimi naenda kukaa huko."

Uwanja mzima ulicheka, lakini msimamizi aliondoka, na Costancia akaenda kusimama pale kwenye pipa.

Kwenye gunia Makarius alimshinda, ila kwa unyayo tu; Ngolo alilizunguka pipa bila kusimama, Costancia akimpigia kelele, "Fupi! Fupi!" Kwenye tairi alichuchumaa, visigino chini, akasukuma kwa miguu badala ya mgongo, na tairi likawa linaanguka na kuinuka mpaka ng'ambo kabla Makarius hajafika nusu. Pikapu waliivuta sawa. Yakabaki madumu.

Walianza pamoja. Watu walimwangalia Ngolo wakingoja akae chini kama mwaka uliopita, na yeye mwenyewe alikuwa anangoja. Vidole viliuma, mabega yaliuma, lakini alipofika katikati ya uwanja aligundua kwamba bado anapumua kwa pua. Alishangaa kidogo, akaendelea. Nyuma yake alisikia madumu yakitua kwa kishindo. Alikuwa Makarius. Ngolo alitembea mpaka mwisho wa uwanja, akageuka, akaanza kurudi, mpaka msimamizi akamkimbilia kumwambia ameshashinda, aweke chini.

Wakampa kipaza sauti, wakamuuliza siri yake. Hakuwa mtu wa kuongea mbele za watu. "Nguvu nilikuwa nazo," alisema. "Pumzi na miguu nimepewa na yule mama pale. Na aliyenipeleka kwake ni mke wangu, mimi nilikataa. Nawashukuru hao wawili. Basi." Akarudisha kipaza sauti. Wanawake wachache waliotoka Mikumi walipiga vigelegele, na wanawake wa Kilosa nao wakaitikia.

Baiskeli aliipeleka kwa Costancia. Aliikataa. "Apewe aliyekuja kuniuliza." Paulina akajifunza kuendesha, akaanguka mara nyingi, kisha akawa anapeleka mboga sokoni nayo, na nyumba yao ikanyooka kwa biashara ile kuliko kwa magunia.

Haukupita muda mrefu Makarius alitokea kibandani, amevaa shati la kanisani. "Shikamoo, mama. Nina mashati mawili tu, la kukatia miwa na hili, nikaona nikujie na hili. Nimekuja kujifunza kupumua." Alipokelewa. Baadaye wakaja makuli wale wale wa rede, mmoja mmoja, kila mtu akidai amepita tu. Kilima cha nyuma ya soko kikawa na njia iliyokanyagwa ikang'aa, na jioni mwanamke mmoja alikuwa anakaa chini yake na upawa mkononi, anawakemea wanaume wazima.

Miaka ilikwenda. Msimu mmoja wa mvua kubwa Costancia aliteleza kisimani, akavunjika mguu juu ya goti. Alikaa hospitali muda mrefu, na aliporudi hakutaka kunyanyuka. Domina alikuja kutoka Morogoro akamkuta amelala, ameukabili ukuta, hata chakula anaonja tu.

Ngolo alianza kufika kila asubuhi kabla ya malori. Siku ya kwanza Costancia alimwambia aende kazini kwake.

"Nitakwenda, mama. Ila kwanza tufike mlangoni."

"Mguu umekufa."

"Haujafa. Unauma, na kinachouma kiko hai. Shika bega langu."

Alishika bega lile pana, akalaani, akalia kidogo, wakafika mlangoni. Walipumzika. Ngolo hakumwambia amefanya vizuri wala vibaya. Alimrudisha kitandani, akasema atakuja kesho. Akaja. Wiki zilivyopita walifika uani, kisha kwa jirani, kisha barabarani. Siku alizosafiri na mzigo alimwomba Makarius, naye alipanda basi kutoka Ruhembe. Paulina alipita na uji kwa baiskeli. Mahindi mapya yalipoanza kuingia sokoni, Costancia alikwenda mpaka kibandani kwa fimbo, akaketi kwenye kigoda, akaanza kugombana na muuza mkaa kuhusu ujazo wa gunia.

Domina alimfuata Ngolo nje, pale ghalani. Machozi yalikuwa yamemlenga. "Kaka Ngolo, sijui nikushukuruje."

Ngolo alijifuta vumbi la mahindi usoni. Kwa umri wake sasa, wengi aliofanya nao kazi walikuwa wamerudi vijijini na migongo iliyopinda. Yeye asubuhi ile ile alikuwa ameshusha lori zima. "Usinishukuru mimi, dada," alisema. "Kila siku nikiamka na kusimama mwenyewe, huwa namtaja mama yako kwenye sala. Sasa na yeye amesimama. Mimi nimefurahi tu."

Lori lilipiga honi. Aliomba radhi, akatupa kitambaa begani, akaenda kupakia.