Kizazi Kijacho Juu ya Meza

Juma lililopita nilikuwa kwenye ofisi moja hapa Kibiti, nikingoja barua yangu igongwe muhuri, akaingia bibi mmoja kutoka delta, kule mto unakoingia baharini, mjukuu mgongoni. Mafuriko yalizoa shamba lake la mpunga, akaenda kulima jipya pembezoni mwa mikoko. Sasa ameamriwa aondoke, kwa kuwa pale ni hifadhi.

"Mwanangu, niache nivune mara hii moja tu," alimwambia ofisa wa misitu.

Ofisa alikuwa kijana mpole. Alimpa kiti, akamweleza taratibu kwamba mikoko huzuia bahari isile nchi, na ndiyo mazalia ya samaki. "Bibi, tunavitunzia vizazi vijavyo."

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Akafungua kanga, akamshusha mtoto, akamketisha juu ya meza katikati ya majalada.

"Kizazi kijacho ndicho hiki," alisema. "Kimeshakuja. Tangu jana kinashindia uji wa chumvi."

Ofisa alimtazama mtoto, akamshika kidole. Nilidhani atasema neno. Akasogeza majalada kando, mtoto asije akayalowesha.

"Bibi, sheria sikuitunga mimi."

Bibi akambeba mjukuu wake, akaaga vizuri, akatoka. Juzi nimesikia mpunga wake umeng'olewa ukiwa umeanza kuchanua.

Yote aliyosema ofisa yule ni kweli, nami nimeyaandika hapa kwenye safu yangu mara nyingi. Ila sikumbuki kama niliwahi kuandika mtu ale nini huku akiisubiri hiyo kesho. Na siku ile nilikuwa nimekaa palepale, sikufungua mdomo.