Mate ya Baba

Baba yangu alikuwa askari wa magereza mstaafu, na hakujua kabila lake. Watu wa Jinja hawakuliamini jambo hilo. Uganda kila mtu ana kwao. Hata mlevi wa sokoni ana kilima atakakorudishwa akifa. Baba aliokotwa wakati wa vita na mwanajeshi mmoja wa kaskazini, akiwa mdogo kiasi cha kutoweza kutaja hata jina la mama yake, akalelewa kambini. Mwanajeshi yule alikufa bila kusema alimwokota wapi. Alimwachia Kiswahili tu, nacho ndicho baba alichotulea nacho pale mtaa wa Kimaka, huku watoto wa jirani wakitucheka kwamba tunaongea lugha ya wanajeshi, lugha ya kupiga watu.

Mama alikuwa Msoga, kabila la wenyeji wa Jinja. Alipofariki, wajomba walikuja kuchukua mwili.

"Mke huzikwa kwa mume wake," mjomba mkubwa alimwambia baba, bila ubaya wowote. "Sasa wewe, shemeji, utamzika wapi? Kwenye nyumba ya kupanga?"

Tulimzika mama kwao, karibu na migomba ya babu. Wote tulielewa kwamba baba hatalala pale kamwe, maana mkwe hazikwi ukweni. Tangu hapo akaanza kutafuta. Akisikia Mteso au Msebei akiongea dukani, alisogea na kusimama kimya, akingoja kitu fulani moyoni kimwitikie. Wakati mwingine muuza duka alidhani ni mwizi.

Mimi, binti yake, nilikuwa nimehamia Mbale, nafundisha biolojia kwenye sekondari moja upande wa viwandani. Wapasua mawe juu ya mji, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wakafumua pango dogo lenye mifupa ya watu wa kale. Wataalamu wakaja. Walitaka kutoa vinasaba kwenye mifupa ile, yaani ule urithi wa mwilini ambao kila mtu hupewa na wazazi wake, kisha wavilinganishe na vya watu wanaoishi leo, wajue nani ametokana na nani. Kwa walio hai walihitaji mate tu. Waliniomba niwaeleze watu kwa Kiswahili, kwa kuwa Mbale ni mji wa makabila mengi. Nilimpigia baba simu kumsimulia, kama habari nyingine yoyote. Kesho yake alishuka kwenye basi amevaa suti.

Aliyekuwa akipokea watu ni mtafiti mmoja kutoka Kenya, mama mpole.

"Mzee, wewe ni kabila gani?"

"Hiyo ndiyo nimekuja kuuliza wewe, daktari."

Mama yule akanitazama. Nilimweleza. Akavuta kiti karibu na baba.

"Mzee wangu, hatuwezi kumtafutia mtu mmoja ukoo wake. Sisi tunaangalia watu kwa makundi, na miaka ya zamani sana."

"Mimi pia niko mtu. Weka mimi na hao ya zamani, tuone."

Alisita, kisha akampa kichupa. Dawa za presha zilikuwa zimemkausha baba kinywa. Alikaa kwenye benchi akitafuna hewa, akavuta mashavu, mate hayakuja. Foleni ikamsubiri. Mwishowe aligeukia ukuta ili watu wasimwone, na alipomaliza alikirudisha kichupa kwa mikono miwili.

"Inatosha?"

"Inatosha, mzee."

Nilipomsindikiza kwenye basi nilimwambia asitegemee sana. Aliitikia kwa kichwa, lakini tangu siku ile alianza kusema "watu yangu" kwenye simu, kama vile wako mahali fulani wanapika, wamechelewa tu kumwita.

Siku ya kutoa majibu ukumbi ulijaa, na baba alikuja tena kutoka Jinja. Mama yule alianza na mifupa. Haikutoa kitu. Joto na unyevu wa nchi yetu vilikuwa vimekula vinasaba vyote. Hata ule mfupa mgumu wa ndani ya sikio, ambao huhifadhi kuliko mingine, waliutoboa wakakuta vijidudu vya udongo tu. Watu waliguna. Kisha akaonyesha ukutani picha ya walio hai: nukta nyingi za rangi, kila nukta mtu mmoja, Wagisu hapa, Wasebei pale, Wateso kule, pembeni zikiingiliana.

Baba alisimama. "Daktari, mimi niko nukta gani?"

Mama yule alishusha macho. "Mzee, hukuwekwa. Ili tulinganishe, ilibidi mtu ajue makabila ya babu na bibi zake, pande zote mbili. Wasiojua tuliwatoa."

"Mlitoa mimi."

"Samahani sana, mzee."

Alibaki wima kidogo, mikono imenyooka ubavuni kama yuko gwaride. Akasema asante, akakaa. Hakuniuliza tena jambo lolote la vinasaba, na neno "watu yangu" sikulisikia tena.

Alipooza upande mmoja msimu wa mvua uliofuata, akafia hospitali ya Jinja. Wenzake wa magereza walichanga, wakaja na sare zao. Mmoja wao, mtu wa kaskazini, alijitolea tumzike kijijini kwake, akawapigia wazee wake simu mbele yetu. Walikataa. Walisema siku moja watu wa marehemu watakuja kumdai, na wao watajibu nini? Wajomba zangu walikuwepo, wamekaa nje kwenye mkeka, watu wema waliompenda. Hakuna aliyetaja shamba la babu.

Tulimpeleka makaburi ya manispaa. Mchungaji alipomaliza, akamwomba mzee wa ukoo atupe udongo wa kwanza. Watu walitazamana. Mchungaji akarudia, akidhani hawakusikia. Nikainama nikatupa mimi.

Mjomba mkubwa alinishika mkono tukielekea kwenye pikapu.

"Mwanangu, olewa," alisema. "Umri unakwenda. Angalau wewe upate mahali pa kulazwa."

"Sawa, mjomba," nilimjibu, nikapanda nyuma.