Mkono wa Kushoto

Mimi si mtu wa kutulia. Wenzangu shuleni hunitania kwamba nikikaa dakika tano lazima naumwa. Basi wiki ile mwalimu mkuu alipotangaza kwamba wazazi watakuja kukaa darasani, nilizunguka mpaka visigino vikauma. Alisema haitakuwa mikutano tuliyoizoea, ya viti vya plastiki uwanjani na ajenda ya vyoo. Kila mzazi ataingia ndani, aketi dawati moja na mwanawe, asikilize somo mwanzo hadi mwisho.

"Ili aone nini?" nikauliza.

"Aone mtoto anavyosoma," akajibu kwa ule upole wake wa watu wa Kondoa, ambao siku zote hunifanya nijione mkorofi. "Na sisi atuone."

Hilo la pili ndilo lililonikaa rohoni.

Nimekulia Kibakwe, vilimani, na kwetu mzazi hakuja shuleni ila mtoto awe ameharibu kitu. Baba yangu alikuja mara moja tu katika miaka yangu saba ya shule ya msingi. Alisimama dirishani na jembe begani, akanitazama nikiandika. Mwalimu akamuuliza ana shida gani, akasema hana, akaondoka. Siku nzima mwandiko wangu ulikwenda upande. Mpaka leo mtu mzima akinitazama nikifanya kazi, chaki hunikatikia ubaoni.

Nafundisha darasa la tatu, huku Miyuji, watoto sabini na kitu katika chumba cha watoto arobaini. Wapo wanaosoma vizuri. Wanaobabaisha ni wengi. Na wapo wachache ambao ukiwapa kitabu wanakishika sawasawa, wanapindua ukurasa wenzao wakipindua, na hawajasoma hata neno moja. Mmoja wao alikuwa binti wa dawati la ukutani. Daftari lake lilikuwa safi kuliko yote, kwa sababu alizinakili herufi za ubaoni moja moja, taratibu, kama anadarizi kitambaa. Ukimuuliza ameandika nini, anatabasamu.

Nilikuwa nimemwandikia mama yake mara tatu, nyuma ya daftari, kwa wino mwekundu: mzazi, naomba ufike shuleni, mtoto hajui kusoma. Mara zote tatu daftari lilirudi bila jibu wala saini. Nikaamua kwamba huyo ni mzazi asiyejali. Nililisema hilo ofisini mbele ya walimu wenzangu, huku nakunywa chai.

Sasa wazazi wanakuja kuniona. Niliogopa, na katika kuogopa nikakumbuka mbinu niliyofundishwa na mwalimu mmoja mkongwe kwenye kituo changu cha kwanza, wakaguzi walipokuwa njiani.

"Nikiuliza swali," nikawaambia watoto, "wote mnanyoosha mkono. Anayejua, anyooshe wa kulia. Asiyejua, anyooshe wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu. Na hii ni siri yetu."

Walimu tunaoujua mchezo huu ni wengi kuliko tunaokiri. Mgeni aliyekaa nyuma anaona darasa zima lina majibu. Tulifanya mazoezi siku nne, na watoto walifurahi mno, maana hakuna kitu watoto wanachokipenda kama siri. Binti wa ukutani aliushika mchezo upesi kuliko wote. Kwa mara ya kwanza tangu aingie darasani kwangu, alikuwa na kitu cha kufanya nikiuliza swali.

Tangazo la siku hiyo lilipitishwa mtaani kwa kipaza sauti, na wazazi wakajaa. Akina mama wengi, akina baba wa kuhesabu. Mmoja wa hao akina baba aliingia na salamu ya kwao, "Mbukwenyi!", kwa sauti kubwa, kama anaingia kwa shemeji yake, na watoto wa Kigogo wakaitikia kwa kicheko kabla sijawasimamisha waseme shikamooni wazazi wetu. Wa mwisho kuingia alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni na vumbi jeupe la mawe kwenye pindo la kitenge. Alipita ameinamisha kichwa, akaketi kwenye dawati la ukutani. Nikasema moyoni: kumbe njia anaijua.

Nilikuwa nimeandika hadithi fupi ubaoni. "Nani atatusomea mstari wa kwanza?"

Mikono yote juu. Wazazi wakaguna kwa mshangao, mzee wa mbukwenyi akatikisa kichwa akitabasamu. Nikachagua mkono wa kulia, mtoto akasoma, tukapiga makofi. Mstari wa pili vilevile. Kule ukutani binti alikuwa amenyanyuka nusu, mkono wa kushoto umenyooka mpaka bega limepanda sikioni. "Mimi, madamu! Mimi, madamu!" Mama yake alimtazama, akanitazama, akamtazama tena, akiwa na tabasamu ambalo nikilikumbuka leo bado naona haya.

Kufika mstari wa sita tabasamu lilikuwa limeisha. Mama alimweka sawa mtoto mgongoni, akajisogeza, akaniangalia. Mimi nilienda dirishani, nikarudi, nikafuta sehemu ya ubao ambayo haikuwa na kitu.

"Samahani, mwalimu." Alikuwa amesimama. "Na huyu je? Mkono uko juu tangu tumeingia."

Watoto sabini na kitu walijua sababu, na wote walinitazama mimi.

"Zamu yake itafika, mama," nikasema.

Haikufika. Nilikifunga kipindi kabla ya kengele.

Nje, barazani, mwalimu mkuu alikuwa na meza na orodha ya watoto ambao wangebaki mchana wafundishwe kusoma upya, kuanzia irabu. Mzazi akikubali, mtoto anaanza Jumatatu. Jina la binti yule nilikuwa nimeliandika mimi mwenyewe, la kwanza kabisa. Mwalimu mkuu alipolitaja, mama akacheka.

"Huyu? Huyu anajua. Nimeona mwenyewe, mkono juu somo zima. Ni basi tu madamu ana watoto wengi, hakumfikia." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaeleza kwamba mchana binti ndiye anayemshikia mdogo wake, yeye akiponda kokoto. "Angekuwa hajui, ningemwacha abaki, ningejua la kufanya na huyu wa mgongoni. Lakini anajua."

Mwalimu mkuu akanigeukia. Nilikuwa na mdomo, na nilikuwa na sekunde za kutosha.

"Sawa, mama," nikasema.

Mwalimu mkuu akapiga mstari juu ya jina.

Siku zilizofuata sikuweza kukaa hata wakati wa kula. Mwakani ni darasa la nne, na darasa la nne lina mtihani wa taifa. Nimeshaona wasiojua kusoma wakifika pale: wanarudia darasa, wanaona aibu kukaa na wadogo, mwisho wanaacha shule. Nilijua nimemwibia mtoto wa watu nafasi, na nilimwibia ili nionekane mwalimu hodari kwa saa moja. Nilijitetea kwamba wengine hufanya. Nikajitetea kwamba mama naye alijitakia, angejibu barua zangu. Nilifua nguo zilizokuwa safi.

Alhamisi nikauliza swali la kawaida, bila mgeni yeyote darasani, na binti akanyoosha mkono wa kushoto akicheka. Nikamwendea nikainama, nikamwambia mchezo umekwisha.

Akaushusha. Akafikiri. "Sasa ninyooshe upi, madamu?"

Nikaenda kuuliza swali lingine upande wa pili wa darasa.

Jumamosi nikaenda kumtafuta mama yake. Wanapondea kokoto chini ya kilima, mbali kidogo na nyumba za mwisho, na wanawake huketi kila mmoja na lundo lake. Nilimkuta juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, nyundo mkononi. Binti alikuwa mbali, kwenye kivuli cha turubai, amempakata mdogo wake. Mama akaruka kunipisha ndoo.

"Karibu madamu, kaa."

"Nimeshakaa sana," nikasema, uongo mwingine, nikabaki wima. Nilianza kwa kuulizia nyumbani, watoto, afya, mpaka nikaona aibu ya kuzunguka. Ndipo nikamwambia yote. Wa kulia wanajua, wa kushoto hawajui. Mazoezi siku nne. Orodha, na mimi kusimama pale nimenyamaza.

Alikuwa amerudi kwenye kazi yake. Nyundo ilikwenda polepole, jiwe moja, jiwe lingine.

"Na mimi nilipiga makofi," akasema. "Nilimsimulia hata baba yake."

"Nisamehe, mama."

"Kwa hiyo hajui."

"Hajui. Ila akibaki mchana atajua. Nitamfundisha mimi mwenyewe, jina nitalirudisha."

"Atabaki," akasema. "Mdogo wake nitamfunga mgongoni."

Ningeondoka hapo. Mtu mwenye akili angeshukuru akaondoka. Lakini nilikuwa nimejishusha mno, na kiburi changu kilitaka angalau kipande kimoja cha kosa kibaki kwake.

"Lakini mama," nikasema, "na wewe pia. Mimi nilikuandikia. Mara tatu, kwenye daftari lake, kwa wino mwekundu. Hukujibu hata mara moja."

Nyundo ikasimama. Aligeuka kuangalia kule kwenye turubai, kuhakikisha binti yuko mbali asisikie. Akaiweka nyundo chini. Akajifuta vumbi la kiganja kwenye kitenge, kwa makini, kama mtu anayejiandaa kusalimiana na mgeni.

Kisha akaninyooshea mkono wa kushoto, juu kabisa, akaushikilia pale mpaka nilipoketi chini kwenye kokoto.