Ng'ombe wa Udongo wa Mwalimu Rogathe

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mwalimu Rogathe ni sketi yake. Ilikuwa safi na imepigwa pasi, lakini kwenye magoti ilikuwa na mabaka mawili ya vumbi, na asubuhi ilikuwa bado mbichi. Baada ya muda mfupi nikaelewa. Kila anapozungumza na mtoto, hupiga magoti ili macho yao yalingane.

Nilifika katika shule ya kijiji cha Gehandu kuandika taarifa kuhusu ubora wa elimu ya awali, na maswali yangu mengi yalihusu madawati na vitabu. Darasa la Rogathe lina mikeka, ubao mmoja na ndoo ya udongo wa mfinyanzi. Yeye ni binti wa wakulima wa Kimbulu wa Dongobesh. Baadhi ya watoto wake wanatoka kwa wakulima pia, na waliobaki kwa wafugaji wa tambarare; wengi wa hawa huanza shule bila kujua Kiswahili.

Helena, mjukuu wa mfugaji aitwaye Mzee Gidamis, alianza hivyo. Muhula mzima wa kwanza hakutamka neno.

“Alikuwa ananitazama kama mtu anavyotazama redio iliyoharibika,” Rogathe aliniambia, akicheka.

Siku moja mwalimu akawaambia watoto wafinyange ng'ombe wa kwao. Helena, ambaye hata chaki ilikuwa ikimponyoka mkononi, alifinyanga kundi zima, kila ng'ombe na pembe zake. Rogathe alifurahi mno. Akapiga magoti, akasema, “Kwenu mna ng'ombe wangapi? Njoo tuwahesabu.”

Helena akawafunika ng'ombe wake kwa mikono yote miwili. Kesho yake hakuja shuleni, na binamu zake pia hawakuja. Aliyekuja ni babu yao, shuka begani, fimbo mkononi.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Mwalimu, siku hizi umeajiriwa na watu wa kodi?”

“Hapana, babu. Nilikuwa nafundisha hesabu.”

“Fundisha. Lakini ng'ombe wangu hawahesabiwi. Ukiwahesabu, unaita hasara. Mimi nikiingia zizini, kama mmoja hayupo, namjua ni yupi.”

Rogathe aliomba radhi. Nyumbani kwao Dongobesh walikuwa na ng'ombe wawili tu, na hakuna aliyewahi kukataza kuwahesabu. Mzee akacheka kidogo aliposikia hivyo, kisha akasema lililomleta hasa.

“Nyasi zikiisha tunahamia upande wa Basotu. Helena nitakwenda naye. Ila kama utanionyesha kitu alichokipata hapa, ambacho kwangu hangekipata, nitamwacha kwa shangazi yake aendelee kusoma. Mpaka siku ya kuhama nitaendelea kumleta.”

Rogathe alilifikiria jambo hilo alipokuwa akipalilia maharage yake, na wazo likamjia shambani. Mimi nililiona likifanya kazi darasani. Mtoto mmoja anafumba macho, mwenzake anaficha ng'ombe mmoja wa udongo. Anayefumbua macho hana budi kumtaja aliyepotea, tena kwa sentensi kamili ya Kiswahili.

Zamu ya Helena ilipofika, hakusita. “Hayupo yule mwekundu mwenye pembe zilizopinda,” alisema. “Basili amemkalia.”

Darasa zima likaangua kicheko, na Basili, mtoto wa mkulima, akainuka na kumtoa ng'ombe aliyebonyea mgongo.

Kisha mwalimu akagawa mahindi. Kila ng'ombe akawekewa punje moja mbele yake, “chakula chake cha jioni.” Watoto wakazikusanya zile punje wakazihesabu, na Helena akafika ya mwisho bila kukwama.

Hatukujua kwamba Mzee Gidamis alikuwa amesimama mlangoni, akitokea kuogesha ng'ombe joshoni.

“Mwalimu,” alisema, “umenizunguka.”

“Shikamoo, babu. Tumehesabu mahindi tu.”

“Mahindi ya Wambulu?”

“Ya kwetu Dongobesh kabisa.”

“Hayo hesabuni mpaka mchoke.” Alicheka hadi akaegemea mlango. Halafu akamtazama mjukuu wake. “Hesabu nimeiona. Lakini hayo ni maneno mojamoja ya kitoto. Nataka nimsikie akisimama mbele ya watu wazima na kueleza jambo, kama anavyosema mtu barazani.”

Basi Rogathe ametangaza siku ya wazazi, Jumamosi hii. Helena atasimama peke yake na kueleza, kwa Kiswahili, jinsi babu yake alivyomtafuta ndama aliyepotelea kwenye mashamba ya ngano. Kisa hicho amekichagua mwenyewe. Anakifanyia mazoezi njiani, darasani, hata mdomo ukiwa umejaa uji, na kila mara ndama anapotelea mbali zaidi.

Leo ni Ijumaa. Watoto wamefagia uwanja mara mbili, na Rogathe ameazima viti kanisani. Taarifa yangu ya ubora ilitakiwa kuwa imekwisha, lakini nimeomba kubaki, kwa sababu sura yake muhimu haijatokea. Ng'ombe wa Mzee Gidamis nao walikuwa waondoke leo. Mchana huu shangazi yake Helena amepita kuleta ujumbe wa mzee: kundi litasubiri mpaka Jumapili, naye anataka kiti cha mbele.