Wakili Amenikataza Kumtazama Mkwezi Wangu

(Mhariri: Aliyetuandikia tunamjua, na siri yake inaishia mezani kwetu. Jina la mkwezi nalo si lake.)

Mie ni mwanamke wa miaka arubaini na sita, mjane, nakaa Pangani mjini. Marehemu mume wangu aliniachia shamba la minazi upande wa Ushongo, nalo ndilo linalonilisha mie na wajukuu wangu wanne. Naandika nina hasira, mtanisamehe. Nikingoja zipoe sitaandika tena.

Nina mkwezi, nimwite Kombo. Ameikwea minazi yetu miaka kumi na tisa. Huku kwetu mkwezi haandikwi popote. Anakwea, anaangua, na kwa kila mnazi ana nazi yake moja ya ujira. Ndivyo alivyofanya baba yake, na mie ndivyo nilivyokuta.

Asubuhi moja ya masika mvua ilikuwa imekatika hivi punde, na lori la mnunuzi limeshavuka mto linangoja. Kombo akaushika mnazi, akatazama juu, akasema, "Bibi, vidato vya kukanyagia vimelowa. Tungoje jua litoke kidogo." Mie na mdomo wangu huu nikamjibu, "Kama umezeeka sema, nitafute mwingine." Akatia kamba miguuni akapanda. Mnazi wa tatu akateleza, akaanguka. Tulikuwa sisi wawili tu pale, hakuna mwingine aliyesikia. Haya sijamwambia mtu, leo ndiyo nayasema.

Kiuno kilivunjika. Akapelekwa hospitali Tanga. Nilipika uji, nikajitanda buibui langu niende kumtazama, na kabla sijatoka mlangoni akaingia mdogo wangu wa kiume anayekaa Nguvumali kule Tanga, anahema. "Dada, usiende! Watu wa Leba wa serikali, hao wanaowatetea wafanyakazi, wameshaanza kuuliza. Twende kwa wakili kwanza." Nikamfuata. Mjinga mie!

Huyo wakili kazi yake ni kuwashauri wenye mashamba. Akaniuliza, "Mama, ulimwandikisha? Ana kipande chako cha kazi?" Nikamwambia hana, analipwa nazi. Akatabasamu. "Vizuri sana. Basi si mfanyakazi wako. Ni mtu aliyepita shambani akakwea."

"Amepita shambani miaka kumi na tisa?" nikamwuliza.

"Hata arubaini. Sasa sikiliza. Usiende hospitali. Usipeleke hata uji, wala usiseme pole. Ukimpelekea uji, watasema umekiri kwamba ni mtu wako."

Jamani! Mie Mwislamu, nimezaliwa na watu, naambiwa uji ni ushahidi! Na nilitii. Mdogo wangu aliniambia, "Dada, ukishindwa kesi shamba litauzwa, wajukuu utawalisha mchanga?" Nikarudi nyumbani, uji ule nikaumwaga.

Huu ni mwezi wa tatu tangu aanguke, na Leba wameshanifungulia kesi. Kombo hospitali wamemrudisha kwao Ushongo, amelala, hawezi hata kugeuka mwenyewe. Wakwezi wengine wote wamenigomea, nazi zinajidondokea zinaotea chini. Juzi nilikwenda matangani kwa jirani, nikakuta wanawake wanasogeza mikeka. Mmoja akasema kwa sauti, wala hakunitazama, "Bibiye, hapa hatuna wakili, utakaa na nani?" Wakacheka, msibani! Nilitoka na hasira, na hasira yenyewe sijui ya nani, maana walikuwa na haki.

Wiki iliyopita akaja mkewe, Mama Salehe. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiweka tayari. Alisimama barazani, kukaa hakutaka. Akasema, "Bibi, bwana wa Leba alimwuliza mume wangu kama ulimlazimisha kukwea. Akasema hapana, bibi hakunilazimisha, mguu uliteleza tu. Hatukuja kukudai kitu. Ananiuliza kila siku, amekukosea nini hata usimtazame? Ndiyo nimekuja nikuulize wewe."

Nikamwambia nitakuja. Akaniangalia, akasema, "Mgongo umeshaoza, bibi. Ukija, njoo mapema."

Nilikwenda Tanga kesho yake, nikamweleza wakili. Unajua alifanya nini? Alipiga makofi! "Yeye mwenyewe amekusafisha! Mwezi ujao utasimama mahakamani, utaapa kwamba hukumwambia kitu, yamekwisha. Hukumu ikitoka mpelekee uji hata sufuria nzima." Astaghfirullah. Nilitamani kumrushia wino wake usoni. Badala yake nikasema, "Ahsante, bwana," nikatoka. Nimejidharau njia nzima.

Na Kombo naye nimemkasirikia, nasema kweli. Kwa nini asinitaje? Angenitaja ningemchukia, nikalala. Amenifichia maneno yangu, sasa niyapeleke wapi? Nikienda kumtazama na kunyamaza, nitakuwa mnafiki mbele ya mtu anayekufa. Nikienda na kusema kweli, mkewe atasikia, Leba watasikia, na mdogo wangu ameapa hatanijua tena. Nikingoja kesi kama nilivyoshauriwa, Kombo hafiki mwezi ujao. Hilo wakili analijua, ndiyo maana hana haraka.

Wasomaji, wakubwa kwa wadogo, niambieni la kufanya. Ila msinijibu kwa sheria, ya sheria nimeshiba. Na yeyote atakayeniambia nimwachie Mungu, basi aende yeye Ushongo, aingie chumbani kwa Kombo, amwambie kwa nini sijaja.

Mjane wa Pangani