Lete Mkono

Juzi nilirudi Utemini kufunga nyumba ya bibi, miezi miwili baada ya kumzika. Nilifunga vyombo nusu, miguu ikanipeleka ziwani. Sijui kutulia, rafiki yangu. Tangu daktari aseme sikio langu la kushoto limechoka na nisiruke majini tena, nazunguka ndani kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Maji ya kwetu yana chumvi na magadi, ukikauka unabaki umepauka. Bibi alilijua hilo. Nilipokuwa mtoto, kila jioni nilimkuta mlangoni akichambua mlenda. "Lete mkono." Akipitisha ukucha mara moja, mstari mweupe unatokea.

"Hukwenda ziwani?"

"Sikwenda, bibi."

"Basi chumvi hii umepakwa na nani?"

Siku moja nikajitia ujanja. Niliiba mafuta ya alizeti jikoni, nikajipaka pale pale juu ya jiwe ambalo sisi watoto tulilitumia kurukia majini. Nikasahau upepo wa Singida. Nilifika nyumbani nimegandwa na vumbi jekundu mwili mzima, na bibi akacheka mpaka ungo ukamwagika. Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Mjukuu wangu, nakuogopea. Yale maji siku moja hayatakurudisha."

Mwalimu wa michezo ndiye aliyeniona nikiruka, akaja kumbembeleza bibi siku tatu mfululizo ili nikafundishwe mjini. Alikubali kwa sharti moja: kila nikirudi, nianzie kwake. Nimeshindana zaidi ya miaka ishirini, nikiruka kutoka majukwaa ya nchi ambazo bibi hakuweza kuzitamka. Nilirudi hata na medali shingoni. Yeye aliomba mkono. Ukucha ukipita, hakuna kitu, maana maji ya bwawa hayana magadi. "Maji gani hayo," alinung'unika, kisha akanipakulia ugali wa mtama.

Juzi ziwa lilikuwa limejaa. Jiwe letu, lililokuwa refu kupita paa la nyumba, sasa limechomoza kama kigoda. Nilisimama juu yake nikiwaza sikio, nikiwaza daktari. Nikaruka. Usinigombeze.

Sikio liliniuma njia nzima, na upepo ukanikausha. Mlangoni nilinyoosha mkono kabla sijakumbuka. Nilikaa kizingitini, nikajipitishia ukucha mwenyewe, mstari ukatoka mweupe kabisa. Nililia. Nilikuwa nimerudi, na aliyekuwa akinisubiri hayupo.